Mbegu Alizopewa na Shoga Yake

Mwanajuma binti Selemani hakuwahi kushika jembe mpaka alipotimiza miaka hamsini na saba. Si kwamba alikuwa mvivu. Kwao hawakulima. Babu wa babu yake alifika Tabora na misafara iliyotoka Manyema, kichwani amebeba mzigo wa mtu mwingine, na alipopata nafasi ya kuutua hakurudi tena njiani. Akajifunza useremala. Waliomfuata wakawa maseremala, washonaji, wauza vitambaa, na ikawa fahari ya ukoo kwamba wao ni watu wa mji na ufundi. Mboga huletwa mlangoni na wanaolima, wao huinunua. Mwanajuma alikua akiyasikia hayo, kisha akaolewa na Adinani, fundi bati, ambaye kwao waliyasema hayo hayo.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka thelathini na mitatu alikaa kwenye baraza ya nyumba yao mtaa wa Isevya, akashona magauni ya maharusi, sare za shule na kanzu za Idi. Watu walisema gauni lililokatwa na Mama Ummy unalijua hata likipita upande wa pili wa barabara, kwa namna linavyokaa mabegani. Ummy ndiye binti yake wa pekee, ameolewa Nzega.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Mwanzo alimwita mpita njia amtungie uzi kwenye sindano, akacheka. Baadaye akakata kitambaa cha mteja kombo kwa upana wa vidole viwili, na siku hiyo hakucheka. Walimtoa mtoto wa jicho, jicho moja likarudi nusu, jingine likabaki na ukungu wake, na daktari akamwambia kwa upole kwamba kazi ya sindano basi. Cherehani ikapakiwa kwenye basi kwenda kwa Ummy.

Kuanzia hapo Mwanajuma akawa mtu wa kukaa. Alifagia palipokwisha kufagiwa. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja upya. Mikono iliyozoea kazi ikikosa kazi huwa kama mbuzi aliyefungwa, inazunguka pale pale.

Nyuma ya nyumba yao kuna ua mpana, hatua kama ishirini kwa kumi na mbili, uliokuwa umejaa vipande vya bati na matambara. Bomba la maji lilikuwa pale pale uani, na tangu maji ya Ziwa Viktoria yafikishwe mjini lilikuwa halikauki ovyo kama zamani. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha, Mwanajuma alisimama mlangoni akiutazama ule ua kama alivyokuwa akilitazama jora la kitambaa kabla ya kulipitisha mkasi. Akasema, hapa panaweza kutoka kitu.

Alijua wa kumwendea. Alikuwa na Tatu.

Tatu na Mwanajuma walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakachezwa ngoma mwaka mmoja, wakaolewa kwa kupishana miezi miwili. Mume wa Tatu alifariki mapema, naye akaishia kukodi kipande cha ardhi bondeni Kwihara, nje ya mji, akalima mboga na kuziuza. Kila asubuhi alishuka kwenye bodaboda mtaani kwa Mwanajuma akiwa na kikapu chake, akaanzia barazani pale, akanywa kikombe cha chai, akaacha fungu la mchicha au la matembele, ndipo akaanza kuzungusha nyumba kwa nyumba. Siri za ndoa ya Mwanajuma zilikuwa kwa Tatu, na za ujane wa Tatu zilikuwa kwa Mwanajuma. Hawakuwahi kuhesabiana mambo.

"Tatu, nifundishe kulima mboga," Mwanajuma alimwambia asubuhi hiyo.

Tatu alikuwa anafunga mafungu. Mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Wewe? Na kucha hizo?"

"Kucha nitazikata."

"Kuna siku nimepita bila kukuachia mboga, Mwana?"

"Sisemei mboga, shoga yangu. Nataka kazi ya mikono. Nikiendelea kukaa hivi nitakwenda kabla ya siku zangu."

Tatu alifunga fungu la mwisho, akaliweka juu ya mengine, akalipanga vizuri. "Haya," akasema. "Kesho nikitoka kuuza nitakuletea mbegu."

Alitimiza ahadi. Alikuja na mbegu za mchicha ndani ya karatasi ya gazeti, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akafundisha. Ardhi ichimbuliwe. Itafutwe samadi ya ng'ombe, mbichi kabisa, maana samadi ikiwa bado ina joto ndiyo yenye nguvu. Mbegu zifukiwe kina cha kidole kizima ili ndege wasizifukue. Maji yamwagwe saa sita za mchana, jua likiwa kali, kwa sababu ndipo mmea unapokuwa na kiu.

Mwanajuma alisikiliza kama mwanafunzi. Yeye fundi, alijua kwamba kazi ni vipimo. Alichukua futi yake ya kushonea, akapima kidole cha Tatu kutoka kucha hadi shina, akatia alama ya chaki kwenye kijiti, na kwa kijiti kile akatoboa shimo moja moja, safu baada ya safu, mpaka kiuno kikamkaza. Adinani akamtengenezea chombo cha kumwagilia kwa mabaki ya bati, chenye mdomo wa matundu kama bomba la mvua, akakipiga msasa mkewe asije akajikata. Kila adhuhuri, watu wakitafuta vivuli, Mwanajuma alitoka na kitambaa kichwani akamwagilia.

Wiki ikapita. Zikapita mbili. Katika tuta lote hakukuchomoza jani.

"Basi mbegu zitakuwa zimelala," Tatu alisema, akanywa chai yake. "Nitakuletea nyingine."

Za pili nazo hazikutoka. Mara ya tatu Tatu alimletea miche ya sukuma wiki, iliyokwisha kuwa na majani manne manne, mizuri ya kupendeza. Mwanajuma akaipanda mchana kweupe kama alivyoelekezwa, kila mche na konzi yake ya samadi mbichi shinani. Siku ya tatu majani yalikuwa yamebadilika pembeni, hudhurungi na makavu, kama kitambaa kilichopitiwa na pasi ya moto kupita kiasi. Siku ya sita akang'oa vijiti.

Ndipo Tatu aliposema lile neno. Alilisema kwa sauti ya kumhurumia, huku akimpapasa begani.

"Usijisumbue, Mwana. Wako watu Mungu amewaumba na mkono mzito. Wakipanda hakioti. Si kosa lako."

Mwanajuma alilichukua lile neno akaingia nalo ndani. Jirani zake walisikia, kwa maana mtaani hakuna linalofichika, wakawa wanatania kwamba Mama Ummy anafuga samadi. Aliwachekea. Lakini wiki mbili baadaye, palipokuwa na harusi nyumba ya tatu, alipoitwa kukanda unga wa maandazi kama alivyoitwa kwenye kila harusi kwa miaka yote, alisema kidole kinamuuma. Hakikumuuma. Aliogopa unga usiumuke. Alikaa pembeni akachambua iliki, akitazama mikono ya wanawake wengine ndani ya karai.

Kesho yake asubuhi Tatu alipopita, Mwanajuma alimshukuru kwa jinsi alivyohangaika naye. Tatu akasema, kwani sisi ni watu baki.

Katika chumba cha uani walikuwa na wapangaji, Nahimana na mumewe Plasidi. Walitoka Ulyankulu, ambako wazazi wao walifika zamani wakiikimbia Burundi, nao wakazaliwa huko huko. Plasidi alivunjika nyonga alipoanguka kutoka juu ya lori la tumbaku, na ilibidi wakae mjini karibu na hospitali miezi kadhaa. Nahimana alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, msemaji wa maneno machache, kila Jumapili akienda misani na kurudi kumwogesha mumewe. Alikuwa ameyaona yote yaliyofanyika pale uani tangu siku ya kwanza, kutoka mlangoni kwake, na hakuwa ametia neno.

Siku Mwanajuma alipoanza kurudisha mabati pale palipokuwa bustani, Nahimana alimsogelea akiwa amefunga mikono mbele.

"Shikamoo, Mama Ummy."

"Marahaba, Nahimana. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka na nafuu. Mama, nina neno, ila naogopa utaniona nina kiherehere. Mimi ni mgeni, na wewe una mwalimu wako."

"Sema."

"Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya mchanga. Mbona umeifukia mbali hivyo? Itapanda kwa ngazi gani?"

Mwanajuma akamwonyesha kile kijiti na alama yake ya chaki. Nahimana alikigeuza geuza, akakirudisha. Kisha akamshika Mwanajuma mkono, akauingiza ndani ya lundo la samadi lililokuwa kando ya ukuta. Mwanajuma akautoa upesi. Ndani mlikuwa mnafukuta.

"Mizizi ikiwekwa hapo itapona?" Nahimana aliuliza. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Huyo mama aliyekufundisha, ana muda gani katika kilimo?"

"Anakaribia miaka ishirini na mitano."

Nahimana alitazama ardhi. "Basi labda udongo wa Kwihara una mambo yake," akasema.

Ilimkasirisha Mwanajuma, na hasira yake yote ikamwendea Nahimana. Akamwambia kwamba Tatu ni kama damu yake, kwamba wao wapangaji wanakuja na kuondoka. Nahimana akasema samahani mama, akarudi chumbani. Lakini neno likishasemwa halirudi. Siku mbili Mwanajuma alizunguka nalo. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa uani.

"Mbegu za Tatu zilibaki kidogo, zile za mara ya pili," alisema. Mshonaji hatupi masalio. "Utajuaje kama mbegu ni nzima?"

Nahimana alitoa chupa ndogo iliyokuwa na mbegu zilizochanganywa na majivu, mchicha wa kwao, ambao wao huuita lengalenga. Akaomba vitambaa viwili. Akavilowesha, akahesabu mbegu ishirini za Tatu akaziviringisha katika kimoja, na ishirini za Ulyankulu katika kingine, akaviweka kwenye sahani iliyofunikwa. Siku ya nne wakafungua. Cha Ulyankulu kilikuwa kimejaa vinyuzi vyeupe, mbegu kumi na nane zimetoa mizizi. Katika kitambaa cha Tatu, hakuna hata moja. Nahimana alizichukua chache akazisugua kati ya vidole, akazisogeza kwenye mwanga. Hazikung'aa kama mbegu ya mchicha inavyong'aa. Nyingine zilikuwa zimepasuka tumboni.

"Hizi zimeonja moto, mama."

"Pengine alizianika juu ya bati."

"Pengine," Nahimana alisema.

Adinani alikuwa amesimama mlangoni. Alimfahamu Tatu tangu akiwa msichana. Alivua miwani yake, akaipangusa, akairudisha. "Nenda ukamuulize, Mama Ummy," alisema. "Usije ukamhukumu bure, wala usije ukajidanganya bure."

Kesho yake mchana Mwanajuma akapanda bodaboda kwenda Kwihara. Njiani alitambua jambo lililomtia aibu: katika miaka yote hiyo hakuwahi kufika kwenye bustani ya Tatu. Alikuwa akiijua kwa mdomo tu. Ilibidi aulize watu, na wakamwelekeza, ukipita tembe lile, nyumba ya kale ya udongo wanakopelekwa wageni, unashuka kushoto, utaona kijani.

Aliona kijani kweli. Matuta yalikuwa yamenyooka kama mistari ya daftari. Kando, chini ya nyasi kavu, palikuwa na lundo la samadi nyeusi, iliyokwisha kuoza ikawa kama udongo, haina hata harufu. Palikuwa na kitalu cha miche kilichoezekwa kichanja cha nyasi ili jua lisikipige. Na mbele ya tuta jipya Tatu alikuwa amechutama, amempa Mwanajuma mgongo. Mkononi alikuwa na bakuli la mbegu alizochanganya na mchanga. Alikuwa anazinyunyiza juu juu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi. Akishanyunyiza, alipitisha kiganja juu ya udongo, taratibu, kiasi cha kuzifunika tu.

Mwanajuma alisimama pale muda mrefu. Hakuna aliyemweleza jambo. Aliona tu jinsi kiganja kile kilivyopita juu ya udongo, na akajua.

"Mbona hufukii kidole kizima?" aliuliza.

Tatu hakushtuka. Aligeuza kichwa, akamwona, akaweka bakuli chini.

"Kaa, Mwana."

"Sikai."

Tatu akabaki amechutama. Alikuwa anasugua mchanga uliomganda vidoleni. "Zile za kwanza zilikuwa nzima," alisema baadaye. "Nilijua ukizifukia kina hicho hazitatoka. Nikasema, wiki mbili atachoka, atatafuta kazi nyingine. Hukuchoka. Ukanipimia na kidole kwa futi. Za pili nikazipitisha kikaangoni."

"Kwa nini?"

"Nusu ya kikapu changu inaishia mtaa wako."

"Nilikwambia nataka kuuza?"

"Hukusema. Lakini nakujua. Ukishika kitu hukiachi mpaka watu wakipe jina lako. Mwaka mmoja tu, ingekuwa mchicha wa Mama Ummy. Mimi ningemuuzia nani?"

Tatu akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

"Unakumbuka nilipofiwa, nikaja barazani kwako nijifunze cherehani?"

"Nilikupokea."

"Ulinipokea. Miaka miwili nikashona vifungo na kupinda mapindo. Kila nilipoomba mkasi, unaniambia bado, Tatu, hicho kitambaa cha watu. Bado, Tatu. Nikaona sitakata mpaka nife. Ndipo nikaja kukodi tope hili. Mgongo wangu umekwisha humu, Mwana. Wewe umeharibikiwa macho ukiwa umekaa kitini."

Ilikuwa kweli. Mwanajuma aliikumbuka ile miaka miwili. Alikumbuka na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba siku moja, akimwangalia Tatu anavyopinda upindo ulionyooka bila hata kupima, aliwaza kwamba Isevya haihitaji wakataji wawili.

"Nilikunyima," alisema mwishowe. "Hilo nakubali, na nimekosa. Lakini sikukupa mkasi butu nikakwambia ndio unaokata. Sikukutazama ukihangaika nao huku nakunywa chai yako."

"Kwa aliyenyimwa ni mamoja."

"Si mamoja, Tatu."

Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji mdogo kati ya matuta. Mwanajuma aliyatazama. Lililokuwa linamchoma hasa lilikuwa bado halijatoka.

"Na mkono? Mbegu sawa, samadi sawa, umeeleza sababu zako. Mkono wangu ulikukosea nini hata ukasema ni mzito?"

Kwa mara ya kwanza Tatu aliinamisha uso. "Hilo lilinitoka tu," alisema.

"Niliacha kukanda unga kwa ajili ya neno lile. Kwenye harusi, mbele ya watu."

"Nilisikia."

"Ukasikia. Na kesho yake ukaja, nikakushukuru, ukaniambia sisi si watu baki."

Mwanajuma akakusanya kanga yake akapanda kurudi barabarani. Hakuitwa, wala hakugeuka.

Alipofika nyumbani Adinani alimtazama usoni, akamwekea maji ya kuoga.

Mwanajuma alimwendea Nahimana akamwomba radhi, kisha akamwomba amfundishe. Wakaanza upya, kama watu wanaofumua nguo iliyoshonwa vibaya. Lile lundo la samadi wakalifunika na kuliacha lipoe, hadi mvua ijayo. Kwa wakati ule Nahimana akatafuta iliyokwisha kuoza, akamfundisha kuijua kwa mkono: iliyopoa haikuchomi, hainati, inamomonyoka kama unga wa mtama. Wakainua matuta kidogo. Wakanyunyiza mbegu juu juu, wakatandaza nyasi nyembamba, na Mwanajuma akawa anamwagilia alfajiri baada ya swala na tena jua likielekea kuzama, kwa kile chombo cha Adinani. Siku ya tano aliinua nyasi, akaona wekundu mwembamba uliotapakaa juu ya udongo. Kwa jicho lake lile alidhani ni vumbi. Akapiga magoti. Vilikuwa vichipukizi, mamia.

Kilichomshinda mwanzoni ni kupunguzia. Nahimana alimwambia ang'oe mche mmoja kati ya miwili ili ile inayobaki ipate nafasi, naye akashindwa kung'oa kitu kizima alichokisubiri kiasi hicho. Aling'oa huku akiisemesha. Baadaye akajifunza kunyunyiza majivu yalipoingia wadudu wa chini ya majani, na kukata mchicha badala ya kuung'oa, ili uchipue tena.

Wiki ya nne alivuna. Aliupika kwa karanga, na Adinani akala sahani mbili, akasema hajawahi kula mchicha laini namna ile. Nahimana na Plasidi walipelekewa bakuli lao. Mwanajuma mwenyewe alikula vijiko vitatu akasukuma sahani. Siku nzima alikuwa akihisi kuna jambo amesahau kufanya, na pale mezani akalijua. Alikuwa anasubiri kwenda barazani kumwambia Tatu kwamba imeota.

Tatu alikuwa haonekani tena pale. Baada ya ile siku ya Kwihara hakushuka Isevya. Kikapu chake alikihamishia mitaa mingine. Mwanajuma aliapa hatauza hata jani, ili hofu ya Tatu isije ikawa kweli. Akawa anagawa kwa majirani. Lakini majirani walizoea kununua mboga asubuhi, muuzaji wao hayupo, na mtu haombi bure kila siku. Wakaanza kumwachia sarafu dirishani. Hata kabla ya mvua watu walikuwa wakiita mchicha wa Mama Ummy. Mara ya kwanza kusikia jina hilo, alimwomba mwanamke aliyelitaja asiliseme tena, na mwanamke yule hakuelewa amekosa nini.

Aliulizwa mara nyingi kulikoni kati yake na Tatu. Alijibu kwamba kila mtu ana shughuli zake. Usingesikia zaidi ya hapo. Ummy alipopiga simu kutoka Nzega akitaka kwenda kuwapatanisha, Mwanajuma alimwambia, "Mwanangu, ningekuwa nimegombana naye ungetupatanisha. Hatukugombana."

Plasidi alianza kutembea na gongo, na mwezi wa kumi wakarudi Ulyankulu kuwahi msimu. Nahimana alimwachia ile chupa ya mbegu. Mwanajuma alimshonea mto kwa kupapasa, mishono mikubwa isiyonyooka, akamwomba asiwaonyeshe watu. Nahimana akasema atauweka kitandani, nani ataingia kuuona.

Mvua zilikuwa zimeshika sawasawa alipofariki Mzee Nasri, muuza kahawa aliyejulikana na mji mzima. Wanawake wa Isevya walikusanyika uani kwake kupika, na Mwanajuma alipofika na mzigo wake wa mboga akakuta mkeka mmoja tu wenye nafasi, na aliyekaa upande wa pili ni Tatu. Kusimama ingekuwa kuwapa watu la kusema kwenye msiba wa mtu. Akakaa.

"Umeamkaje," Tatu alisema.

"Salama. Wewe je."

"Alhamdulillahi."

Walichambua mchicha kutoka lundo moja. Tatu alikuwa amekonda, na alipojinyoosha alishika kiuno kwa mkono mmoja. Mwanajuma aliliona hilo, na likamuuma. Wakaulizana chumvi, wakapisha sinia, wakasogezeana beseni. Mtu asiyewajua angedhani ni majirani wa kawaida.

Mwanamke mmoja aliyekuwa jikoni akainua fungu la mchicha, akaligeuza. "Huu umetoka kwako, Mama Ummy? Majani kama masikio ya tembo. Nasikia zamani ulikuwa hujui hata kushika jembe. Nani alikufundisha?"

Kisu cha Tatu kilisimama.

"Mpangaji wangu," Mwanajuma alisema. "Anaitwa Nahimana. Amesharudi kwao Ulyankulu."

"Ah. Na sisi siku zote tunasema ni Tatu. Si mlikuwa mnakaa pamoja?"

Mwanajuma aliendelea kuchambua. Hakuwa tayari kusema uwongo kumfichia, na wala hakuja pale kumwaga siri juu ya maiti ya mtu. Akaacha swali likae lilipo.

"Hapana," Tatu alisema. "Si mimi."

Yule mwanamke akarudi kwenye chungu chake. Wale wawili wakamaliza lundo. Walipomaliza, Tatu alimmiminia Mwanajuma maji ya kunawa, na Mwanajuma akampokea kata akammiminia yeye. Mvua ilikuwa imekatika. Tatu akajifunika kanga akatokea mlango wa mbele. Mwanajuma akasubiri kidogo, akaagana na wafiwa, akapitia mlango wa nyuma.